Mkataba wa maandishi na dada wa kumuuguza mgonjwa nyumbani: tupeane uzoefu

MamaNeema
Jana jirani yangu amegombana na dada anayemuuguza baba yake, mtaa mzima ukasikia. Dada anasema alikuja kwa ajili ya mgonjwa, si kufua nguo za watu saba. Nikakumbuka yangu ya 2019. Mama alipigwa stroke upande wa kulia, nikaletewa binti kutoka Singida. Tukapatana kwa mdomo: laki na nusu, kula na kulala kwangu, "utamwangalia mama". Basi. Mimi nilimaanisha pamoja na kumgeuza kila baada ya saa mbili. Yeye alielewa kumlisha, kumwogesha, kumbadilisha pempasi. Wiki ya tatu, Jumapili, namwogesha mama mwenyewe, nafunua shuka: juu ya matako kuna kidonda cha kuingia kidole. Nilimfokea yule binti hadi leo roho inaniuma, maana hakuna aliyewahi kumwonyesha. Kidonda kilipona baada ya miezi minne. Mlioandikishana na walezi, mliandika nini?

Kaka wa Tabata
Hilo neno "kumwangalia" limetugombanisha na sisi.

Wakili Mstaafu
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu dada wa nyumbani kama inavyomhusu karani. Mwajiri anatakiwa kumpa maelezo kwa maandishi: kazi gani, wapi, saa ngapi, malipo kiasi gani. Asipoyaelewa, umweleze mpaka aelewe. Mkifikishana CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoamua migogoro ya kazi, nawe huna karatasi, mzigo wa kuthibitisha mlichopatana ni wako. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, kuna siku ya mapumziko, na likizo ya siku 28 kwa mwaka.

Mwl. Kondo
Saa 45? Mgonjwa wa kitandani anajua saa? Kwa mshahara wangu wa ualimu niajiri watu watatu? Ukimpa binti karatasi, kesho anakupangia wewe.

Shangazi Zai
Mwalimu, kwani wewe shuleni uliingia bila barua ya ajira?

Mwl. Kondo
Shangazi tusivunjiane heshima. Wangu alivunja mashine ya presha nikamkata mshahara wote wa mwezi. Hilo nalo kosa?

Wakili Mstaafu
Ni kosa. Unamwandikia sababu na kiasi, unampa nafasi ya kujieleza, na makato yote hayazidi robo ya mshahara.

Binti wa Hai
Naomba niseme na mimi, mimi ndiye dada mwenyewe. Nilimuuguza bibi mmoja Moshi miaka miwili. Watoto wake wako Dar na Arusha. Alifariki saa tisa usiku, mimi na yeye tu ndani. Nilimpigia kaka mkubwa, simu ikaita mara sita haikupokelewa. Nikamfumba macho, nikamfunga kidevu kwa kitambaa changu, nikakaa naye mpaka alfajiri. Walipofika, mkwe akaniuliza nimempa dawa gani. Kufika saa nne sebule imejaa ndugu, wananiambia nimemmaliza bibi yao.

Nilikuwa na daftari. Kila asubuhi na jioni niliandika presha, dawa, amekula nini, amepata choo au la. Nikamkabidhi kaka. Ukurasa wa mwisho: "Jioni 190 kwa 110. Nimempigia kaka, amesema tutampeleka kesho." Alisoma, akalifunga, akatoka nje. Hakuna aliyeniomba radhi. Baada ya matanga nikapewa nauli, nikaambiwa kazi imekwisha. Miezi miwili nilikuwa nadai, sikulipwa. Sina karatasi, na hiyo CMA ndiyo kwanza naisikia hapa. Andikeni mgonjwa akifariki mlezi anapata nini. Na usiku apigiwe nani, majina mawili.

Shangazi Zai
Pole mwanangu. Nimelia.

Kaka wa Tabata
190 halafu "kesho"! Hao watoto wangeshtakiwa.

Mama Wawili
Tusiwahukumu, hatujui walikuwa na hali gani. Ila mshahara wake wamlipe.

Fundi Simu
Nakala mbili, mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri.

Mama Wawili
Muhuri wa nini? Mashahidi wawili wanatosha, mmoja awe ndugu yake dada. Andikeni pia nani ananunua glavu.

Kaka wa Tabata
Na nani anashika rimoti. Kwetu ugomvi wote ulianzia kwenye tamthilia.

MamaNeema
Mama bado yupo, na mlezi wa sasa ana mwaka wa pili. Leo nimekaa naye jikoni nikamsomea nilichoandika: kazi za mgonjwa peke yake, Jumapili yake, simu za usiku, daftari. Kwenye kumgeuza kila saa mbili akaniuliza, "Dada, na usiku nani ananipokea?" Nikakosa la kujibu. Mnaogawana usiku mnafanyaje?

Mwl. Kondo
Mimi nachukua mpaka saa saba, yeye anaendelea mpaka asubuhi, halafu analala mpaka saa nne. Weka alamu, na mto mmoja katikati ya magoti.

Wakili Mstaafu
Na hizo saa za usiku, kuanzia saa mbili mpaka kumi na mbili alfajiri, zina nyongeza isiyopungua asilimia 5. Iandike.