Mrejesho: kuhesabu majengo ya Goma yaliyo juu ya lava ya 2002

Ndugu zangu, niliuliza ni data gani za satelaiti zinazofaa kuhesabu majengo yaliyosimama juu ya lava iliyoteremka kutoka volkano ya Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, Januari 2002, ikapita katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu. Asanteni kwa majibu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Picha za Sentinel-2, satelaiti za Ulaya, ambazo hutolewa bure na hupigwa upya kila baada ya siku 5 hivi, zinaonyesha vizuri mji unakopanukia, lakini si nyumba moja moja, kwa kuwa pikseli moja (nukta ndogo kabisa ya picha) ni mita 10 kwa 10 ardhini, na nyumba zetu za mbao zilizobanana humezwa humo pamoja na vichochoro vyake. Habari ya mawingu yanayoficha mji pichani, kwa anayeishi huku, haihitaji maelezo.

Kilichofaa zaidi ni Open Buildings ya Google, ramani ya majengo iliyochorwa na kompyuta kutokana na picha za satelaiti zenye pikseli za sentimita 50, kila jengo likiwa na alama inayoonyesha kompyuta ina uhakika kiasi gani kwamba ni jengo. Mabati mapya yanayong'aa juu ya jiwe jeusi yametambuliwa karibu yote. Yenye kutu, ambayo rangi yake inaikaribia ile ya lava, yamepewa alama ndogo, na mara nyingine nyumba mbili zinazogusana zimehesabiwa kuwa moja. Mitaa ya namna hiyo ninaipitia kwa miguu pamoja na mkuu wa avenyu, yaani kiongozi wa wakazi wa barabara ya mtaa, ambaye anajua pia kaya ngapi zinaishi chini ya paa moja, jambo ambalo hakuna picha ya angani inayoweza kulisema.