Cheti cha usalama wa umeme kimesainiwa, lakini hakuna kilichopimwa!

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Jengo tunalopanga, ambalo nyaya zake zilitandazwa muda mrefu kabla ya wengi wetu kuhamia, limepewa cheti kinachosema kwamba mfumo wake wa umeme ni salama. Mkaguzi aliyekuja alipita kwenye korido, akatazama taa, akawasha na kuzima swichi mbili tatu, akasaini. Hakufungua hata bodi moja ya breka wala hakuzima umeme, ilhali vipo vipimo visivyowezekana kabisa bila kuuzima. Tulipohoji, msimamizi wa jengo alijibu kwamba taa zinawaka na soketi zinafanya kazi, sasa tunataka nini zaidi?

Jibu hilo limenikera kuliko cheti chenyewe, kwa sababu hitilafu za hatari katika umeme mara nyingi ni zile zisizozuia kitu chochote kufanya kazi. Waya wa ardhi, ule unaoupeleka ardhini umeme uliovuja, ukikatika, friji itaendelea kugandisha na mashine ya kufulia itaendelea kuzunguka, hadi siku waya wenye umeme utakapogusa bati la nje na mtu akalishika kwa mikono yenye maji. Skrubu ikilegea ndani ya soketi, umeme unaopita hauongezeki, kwa hiyo breka haina sababu ya kukata, huku joto likipanda mahali pale pale na plastiki ikibabuka ndani ya ukuta bila mtu kuona. Hapo ndipo moto unapoanzia.

Wapo majirani wanaojifariji kwamba breka zitatuokoa. Breka ya ampea 20 imewekwa kuzilinda nyaya zisizidiwe na mzigo. Mwili wa binadamu huuawa na sehemu ndogo sana ya ampea moja, kiasi ambacho breka hiyo haitakihisi. Kinachomlinda mtu ni kifaa cha kukata umeme unaovuja, ambacho kwa kawaida hukata uvujaji ukifika miliampea 30, na viwango vya kimataifa vinakitaka kikate ndani ya milisekunde 300. Nacho pia huchakaa na kukwama. Kitufe chake cha majaribio, ambacho sijui ni wangapi kati yetu wamewahi kukibonyeza, huonyesha tu kwamba kinaruka, yaani kinakata umeme. Hakisemi kinaruka kwa kasi gani, wala kama waya wa ardhi bado upo. Hayo hujulikana kwa kupima tu.

Na kupima huacha namba. Ukinzani wa maganda ya nyaya, yaani uwezo wake wa kuzuia umeme usivuje, kwa mfano, hupimwa kwa volti 500 za mkondo mnyoofu (DC), na katika umeme wa kawaida wa majumbani haupaswi kupungua megaomu 1. Ganda lililokauka au kutafunwa na panya hujulikana hapo, kabla halijapiga shoti. Cheti chetu hakina namba hata moja. Kina neno "salama" na sahihi.

Huko England, kanuni za mwaka 2020 zinamlazimisha mwenye nyumba ya kupangisha kuhakikisha mfumo wa umeme unakaguliwa na kupimwa na mtu mwenye ujuzi angalau kila baada ya miaka 5, na kumpa mpangaji nakala ya ripoti. Hakuna anayesubiri taa zizimike kwanza.

Tumeandika barua tukidai mkaguzi asiye na uhusiano na fundi wa jengo, bodi zote zifunguliwe, kila mpangaji apewe matokeo yenye namba kwa kila sakiti, na kila kasoro iandikiwe tarehe ya kurekebishwa. Msimamizi hajajibu. Kama kuna mtu hapa aliyefanikiwa kumlazimisha mwenye jengo kupima upya, naomba aeleze alianzia ofisi gani na alitakiwa kupeleka ushahidi wa aina gani.