Eti wazee wa Palm Beach "hawakujua kusoma"? Huyu mchambuzi wa jana usiku aombe radhi!

Wakuu, salamu baadaye. Nimetibuka.

Jana usiku mlimsikia wote, sina haja ya kumtaja. Yule yule anayekohoa kabla ya kila jibu, anayechambua vita saa moja, bei ya mahindi saa mbili na Ligi Kuu saa tatu. Kaulizwa kistaarabu: uchaguzi wa Marekani wa 2000, kule Florida kilitokea nini? Akacheka. Akasema, "Wale wazee wa Palm Beach hawakujua kusoma." Akacheka tena!

HAWAKUJUA KUSOMA!

Hajawahi kuiona ile kura ya kaunti ya Palm Beach, Florida, hata kwenye picha, naapa. Kwanza haikuwa karatasi ya kuweka tiki, ilikuwa kadi ya kutoboa. Unaichomeka kwenye kifaa, juu yake kuna kijitabu kimefunguliwa, majina kushoto, majina kulia, matundu yote yamejipanga mstari mmoja katikati. Wagombea urais walikuwa 10. Ofisi ya uchaguzi ya kaunti ikakuza herufi ILI WAZEE WASOME, majina yakagoma kuenea ukurasa mmoja, yakagawanywa kurasa mbili. Kushoto Bush wa Republican wa kwanza, Gore wa Democrat wa pili. Kulia Buchanan wa chama kidogo cha Reform wa kwanza. Sasa shuka na matundu: la kwanza Bush, la pili Buchanan, la tatu Gore. Anayesoma kama tulivyofundishwa darasa la kwanza, ukurasa wa kushoto juu mpaka chini, anamkuta Gore ni wa pili. Anatoboa tundu la pili. Kura imekwenda kwa Buchanan! Aliyeumia ni aliyesoma!

Buchanan akaokota kura 3,407 kwenye kaunti ile, mpaka mwenyewe akakiri kuna kura pale hazikuwa zake. Kadi zaidi ya 19,000 zikatupwa kwa kutobolewa mara mbili. Jimbo lenye kura karibu milioni 6 likaamuliwa kwa kura 537. Mia tano thelathini na saba! Hao hawajai hata daladala 20. Wajumbe 25 wa Florida, wale ambao kura zao ndizo zinazomchagua rais, wakaenda kwa Bush, akafika kura 271 wakati zinatakiwa 270.

Halafu mtu anakohoa, anacheka, "hawakujua kusoma". Hewani!

Kisiki_cha_Mvule: Mkuu kunywa maji kwanza. Redio ina kitufe cha kuzimia.

Binti Pangani: Hahaha ule mkohozo! Juzi kasema Alaska ni kisiwa.

Fundi Mizani: Mleta mada una hoja ila umechanganya mafaili mawili. Kadi iliyotobolewa mara mbili ni kura iliyozidi, hiyo hata uihesabu kwa mkono mwaka mzima haiokoki, maana hujui mtu alimtaka nani. Kilichogombewa mahakamani ni kadi ambazo mashine iliona hazina chaguo lolote la rais. Kijipande cha kadi, wenyewe wanakiita chadi, kilitakiwa kidondoke. Hakikudondoka. Kwa nini? Trei ya chini imejaa vijipande vya zamani, au mpira wa chini umechoka, kijiti kinasukuma lakini kadi haikatiki. Basi kijipande kinabaki kimeshikiliwa na kona moja, au mbili, au tatu, au kona zote nne kimevimba tu kama tumbo. Mashine inapitisha mwanga tunduni. Mwanga usipopita, kura hakuna.

Kisiki_cha_Mvule: Chadi ya N'Djamena?

Fundi Mizani: Tulia wewe. Kwenye kuhesabu kwa mkono kila kaunti ilikuja na kipimo chake. Huyu anataka kona mbili ziwe zimeachia, yule anatosheka na kidonda tu kwenye kadi. Palm Beach walibadilisha kanuni kazi ikiendelea! Ndiyo maana Desemba 12 majaji 7 kati ya 9 wa Mahakama Kuu ya Marekani waliona kura hazipimwi sawa, na 5 kwa 4 wakafunga hesabu kabisa. Kesho yake Gore akakubali kushindwa.

Mleta mada: Asante Fundi, lakini je, hapo kuna asiyejua KUSOMA? Trei imejaa takataka, anatukanwa mzee wa watu!

Dereva wa Usiku: Mnalia na Palm Beach tu. Duval je, kaunti nyingine ya Florida? Wagombea walipangwa ukurasa wa kwanza na wa pili, na maelekezo ya mfano yakasema piga kura kila ukurasa. Watu wakatii. Kadi zaidi ya 20,000 zikaharibika. Duval hakuna anayeililia.

Binti Pangani: Na kaunti ya Volusia, hukohuko Florida, mfumo ukampa Gore hasi 16,022! HASI! Mtu unapataje kura pungufu ya sifuri?

Mwalimu wa Zamu: Mimi kero yangu ni watangazaji wanaosema "Tume ya Uchaguzi ya Marekani imemtangaza mshindi". Tume ipi? Inayoitwa tume kule inasimamia fedha za kampeni. Kura zinahesabiwa na kaunti, jimbo linathibitisha, wajumbe wanapiga zao Desemba, Bunge linazihesabu Januari 6. Usiku ule wanaotangaza ni vyombo vya habari, na mwaka 2000 vilimpa Gore Florida, vikamnyang'anya, vikampa Bush, vikamnyang'anya na yeye. Usiku mmoja!

Dereva wa Usiku: Afadhali tume. Kuna mwingine kila miaka minne anatafsiri Electoral College, anasema "Chuo cha Uchaguzi". Dada yangu kauliza kama kinapokea waliomaliza kidato cha sita.

Binti Pangani: 😂😂 Chuo! Ada shilingi ngapi?

Mwalimu wa Zamu: Hilo linaniuma kuliko lote. Si chuo, hakina jengo. Ni wajumbe 538, kila jimbo kwa idadi ya wabunge na maseneta wake, Washington DC wamepewa 3. Na hawakutani pamoja hata siku moja, kila kundi linapigia kura jimboni kwake. Waseme "wajumbe wa uchaguzi", basi.

Fundi Mizani: "Wajumbe" watu watadhani wa nyumba kumi. Mimi nasema "wapigakura wateule".

Kisiki_cha_Mvule: Refu mno, mtangazaji atakata pumzi.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye mada! HAWAKUJUA KUSOMA!

Binti Pangani: Subiri mkuu, tumalize la chuo. Wakifungana 269 kwa 269 inakuwaje?

Mwalimu wa Zamu: Baraza la Wawakilishi linaamua, kila jimbo kura moja, anayetafutwa ni wa 26. California yenye wabunge 52 kura moja, Wyoming yenye mmoja kura moja.

Dereva wa Usiku: Wyoming?! Hapo fungua uzi mwingine.