Banda la uwanja wetu Muyeye, Malindi: makuti, mabati au slabu?

KijanaWaMuyeye
Assalam alaykum, hamjambo nyote. Jumamosi kamati yetu inakaa kuamua banda la uwanja wa mpira. Mtaa unakua, kila ukigeuka kuna msingi mpya unachimbwa, na watu bado wanatazama mechi wamesimama juani. Fundi wa kwanza anataka makuti juu ya nguzo za mvinje, wa pili mabati, wa tatu slabu ya zege ili siku zijazo tupandishe ghorofa. Nisaidieni kabla pesa haijatoka.

FundiWaBarani
Ndugu, mambo ya maana hujayasema. Pesa kiasi gani? Watu wangapi wakae? Magoli yameelekea wapi? Na kiwanja ni cha nani? Malindi hii watu hujenga, kisha mwenye hati akatokea.

MamaWaMabinti
Na mimi nauliza: wasichana wanacheza hapo?

KijanaWaMuyeye
Samahani wakubwa. Goli moja kaskazini, moja kusini. Pesa ni michango ya mtaa na ahadi ya mfadhili ambayo haijafika. Timu ya wasichana ipo. Hati nimeambiwa anayo mzee wa mtaa.

FundiWaBarani
"Nimeambiwa" haitoshi. Nendeni ofisi ya ardhi mkaangalie rejista, hata kabla ya kununua msumari. Banda liwekeni upande wa magharibi. Mechi zenu ni za jioni, jua litakuwa mgongoni. Mkiliweka mashariki, watu wataitazama nusu ya pili yote wamekinga macho kwa mikono.

MvuviWaShela
Fundi, hapo kwa jua sawa, lakini upepo wa Kusi umeusahau. Banda la magharibi linaangalia mashariki, na Kusi inapiga kutoka kusini-mashariki. Masika ya Aprili na Mei mvua itaingia mpaka safu ya nyuma. Upande wa kusini jengeni ukuta mzima wa mawe ya matumbawe, na paa lishuke mbele.

MpendaMakuti
Makuti ndugu zangu! Kaeni chini ya mabati saa nane mchana mwezi wa Februari, kisha mkae chini ya makuti. Paa lisimame wima, maji yateremke haraka, makuti yashonwe mbanano. Pesa itabaki kwa akina mama wa hapa hapa wanaoyashona. Nguzo ningependa boriti za mikoko, mvinje huliwa na mchwa.

MvuviWaShela
Mikoko utaitoa wapi? Ya hori ya Mida iko ndani ya hifadhi. Mazalia ya samaki yale, tafadhali tuyaache.

KochaMstaafu
Vijana wangu, nitasema niliyoyaona. Mtaa niliokuwa nikifundisha timu, tulijengewa banda la mabati. Siku ya kufungua tulichinja mbuzi. Mabati yenyewe geji 30, membamba, na bahari haikuwa mbali. Masika ya tatu hayajafika, kila tundu la msumari lina duara la kutu, maji mekundu yanachirizika kwenye jezi nyeupe za vijana. Zege la nguzo lilichanganywa na mchanga wa pwani. Chumvi ikala nondo, nondo zikavimba, zege likamenyuka vipande. Nunueni mchanga wa mto.

Lakini hayo yangerekebishika. Kilichoniuma ni chumba cha kubadilishia nguo: kimoja tu, mlango unaangalia barabara, na ufunguo akakaa nao mtu mmoja aliyeweka saruji yake humo. Mabinti wangu walikuwa wakibadilisha nguo wamezungushiwa leso, wenzao wameshika ncha, wanaume wanapita. Wawili waliacha mpira. Mmoja alikuwa golikipa ambaye mpaka leo sijapata mfano wake.

MamaWaMabinti
Shikamoo Kocha. Umesema lililo moyoni mwangu. Vyumba viwili, milango iangalie uwanjani, komeo ndani, choo karibu. Na maji! Maji ya bomba kutoka Baricho yakikatika mtoto ataoga nini? Ndiyo maana nataka mabati mazito yenye rangi, mfereji wa paa na tangi. Maji ya makuti hutoka kama chai ya rangi, huwezi kumpa mtoto anawe uso.

FundiWaBarani
Na moto je? Kaskazi ikivuma, makuti yamekauka, cheche moja ya jiko la muuza mihogo inatosha.

MpendaMakuti
Basi gawanyeni: vyumba viezekwe mabati, jukwaa la kukaa makuti, katikati pawe na nafasi. Muuza mihogo apewe sehemu yake mbali.

KochaMstaafu
Na ufunguo? Nani atakaa nao? Hilo hamjalijibu.

MamaWaMabinti
Funguo tatu, mmoja kwa nahodha wa wasichana.

KijanaWaMuyeye
Nawashukuru. Asubuhi nilienda na futi ya fundi. Upande wa magharibi, kutoka mstari wa pembeni hadi ua wa jirani, ni mita 9 tu, na humo humo kuna mwembe mkubwa ambao wazee hukaa. Wengine kwenye kamati wanasema ukatwe.

MvuviWaShela
Mwembe usikatwe! Kivuli hicho kimewachukua miaka mingapi?

FundiWaBarani
Mizizi yake itainua sakafu, ingawa nami sipendi ukatwe. Uko usawa wa katikati ya uwanja au pembeni? Tupe vipimo.