Chai nzito ya Jumapili kwa watu wanane: nipike nini kwa gharama ndogo?

Mkazi wa Temeke

Habari zenu, ndugu zangu. Jumapili ijayo mama mkwe wangu atakuja nyumbani pamoja na wifi zangu wawili na watoto watatu, wote wakitokea moja kwa moja kanisani. Watafika kwenye saa nne na nusu, wakati ambapo chai ya asubuhi imeshapita na chakula cha mchana bado, kwa hiyo ningependa kuwaandalia mlo mmoja unaobeba yote mawili. Pamoja na mimi na mume wangu tutakuwa watu wanane, na nimetenga shilingi 30,000. Nilianza kwa kuorodhesha mkate wa dukani, soseji, mayai na juisi za boksi, nikaona kwamba soseji na juisi peke yake zinakaribia kumaliza fedha zote, na bado sioni kama hicho ni chakula cha kumwekea mama mkwe. Nina jiko la gesi la mtungi mdogo lenye sehemu moja ya kupikia na jiko la mkaa, ila sina friji. Naomba ushauri wenu.

Mwenyeji wa Tanga

Dada, pika mbaazi za nazi na mahamri. Huku Tanga, kama ilivyo Mombasa na Unguja, mgeni akiwekewa chakula hicho asubuhi anajua kwamba amekaribishwa, na unafuu wake unatokana na jambo moja: nazi zilezile zinahudumia vyakula viwili. Kwa watu wanane, robo tatu ya kilo ya mbaazi kavu, kilo moja ya unga wa ngano na nazi tatu zinatosha. Zikune nazi zote kwa pamoja, ukamue tui la kwanza kwa maji kidogo ya uvuguvugu. Kikombe kimoja ukitenge kwa ajili ya kumalizia mbaazi, na linalobaki likandie unga. Kisha rudisha maji kwenye machicha, ukamue tui jepesi la kupikia mbaazi.

Mbaazi ziloweke Jumamosi jioni. Asubuhi mwaga maji hayo, uzichemshe katika maji mapya bila chumvi mpaka punje ikibonyezwa kwa vidole ipondeke. Hapo ndipo utie tui jepesi, kitunguu kilichokatwa, bizari ya manjano, chumvi, na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, ili itoe harufu bila kuwawasha watoto. Tui zito huingia mwishoni, moto ukiwa mdogo na mkono usiache kukoroga mpaka lianze kutokota, kwa sababu likiachwa lichemke lenyewe hukatika, mafuta yakaelea juu na mchuzi ukawa mwepesi.

Kwa kuwa huna friji, usikande unga usiku. Kwa joto la Dar es Salaam utachacha kabla ya alfajiri. Ukande Jumapili asubuhi kwa lile tui, sukari kama gramu 150, hamira kijiko cha chai kimoja na nusu, na iliki uliyoitwanga muda huohuo, maana iliki ya unga iliyokaa sana dukani hupoteza harufu, na hapo mimi sikubali kubana matumizi. Gawa madonge manane, yaache yaumuke, kisha sukuma kila donge na ulikate vipande vinne. Vikiwa ndani ya mafuta ya moto, vimwagie mafuta juu kwa upawa mpaka vivimbe.

Mpenda Mihogo

Kuhusu mbaazi naungana na mwenzangu wa Tanga moja kwa moja, lakini mahamri 32 yanakunywa mafuta, na katika bajeti kama hii mafuta ndiyo ya kuchungwa. Ningepunguza unga uwe nusu kilo, halafu nichemshe mihogo au viazi vitamu vya kuliwa na mbaazi hizohizo. Kama mama mkwe amekatazwa vyakula vya kukaanga, naye atakuwa na cha kula bila kulazimika kueleza afya yake mbele ya watu. Mahamri yakaange matatu matatu katika sufuria ndogo yenye kina. Karai pana linahitaji mafuta mengi zaidi kwa kazi ileile. Soseji ziache kabisa. Badala ya juisi za boksi, loweka ukwaju au ubuyu asubuhi hiyohiyo, uchuje, utie sukari, na ukiweza kupata machungwa ya Muheza, yakate uyaweke mezani.

Mkulima wa Lindi

Mimi nasema juu ya kuchagua mbaazi tu. Tangu mwaka 2017, India ilipowekea ukomo uagizaji wa mbaazi na bei ikatuangukia sisi wakulima wa Kusini, nafurahi kila ninapoona mtu wa mjini anazipika. Chukua zenye rangi inayolingana, na uangalie chini ya gunia kama kuna vumbi jeupe, kwani hiyo ni dalili kwamba zimebunguliwa. Zilizokaa ghalani muda mrefu huchelewa kuiva hata zikilowekwa, na mkaa utakaounguza utakugharimu kuliko ulichookoa kwa kununua za bei ya chini.

Mkazi wa Temeke

Ahsanteni sana. Nitafuata nusu kilo ya unga pamoja na mihogo. Je, nipange vipi majiko mawili ili wageni wakifika nami niwe nimekaa nao?

Mwenyeji wa Tanga

Mbaazi ziingie kwenye mkaa saa kumi na mbili na nusu, na wakati zinachemka ukande unga. Gesi ichemshe mihogo kwanza, kisha mahamri yaanze saa tatu na nusu. Yakitoka yaache yapumue mvuke kwenye chujio kabla ya kuyafunika kwa kitambaa, la sivyo yatalegea. Mahamri yakiisha, pika chai ya maziwa yenye tangawizi na uitie kwenye chupa. Tui zito litie kwenye mbaazi wageni wakiwa wananawa mikono. Ni kazi ya dakika chache, na wifi mmoja akija kukusaidia kukoroga, usimkatalie.