MJADALA: Mabehewa ya barafu ya Marekani yalitakiwa yawe ya nani?

Wadau, kwenye mjadala wa wiki iliyopita kuhusu mabehewa ya treni yaliyopozwa kwa barafu kubeba nyama na matunda, kuna mkuu kasema Swift na Armour, wafanyabiashara wa nyama wa Chicago waliomiliki mabehewa hayo, walikuwa wanyonyaji tu, na kwamba behewa linalopita kwenye reli lilitakiwa siku zote liwe la mwenye reli. Mi napinga, tulijadili hapa.

Miaka ya 1870 ng'ombe walikuwa wanapakiwa wazima Chicago kwenda New York na Boston, njiani wanakonda, wengine wanakufa, na karibu nusu ya uzito unaolipiwa nauli ni ngozi, mifupa na matumbo. Gustavus Swift akaona achinjie hukohuko Chicago asafirishe nyama tupu, akamwajiri mhandisi Andrew Chase amtengenezee behewa ambalo barafu inakaa juu na ubaridi unashuka wenyewe mpaka kwenye nyama. Kampuni kubwa za reli zikagoma, zilishaweka hela kwenye mabehewa ya ng'ombe na mazizi na nauli ya ng'ombe mzima ilikuwa inawalipa vizuri tu. Grand Trunk, iliyokuwa inapitia Canada na haikuwa na mzigo mkubwa wa ng'ombe, ndo ikakubali kumvutia mabehewa yake. Sasa aliyekataa kuyajenga anadai umiliki gani?

Halafu kuna suala la msimu ambalo watu wanaliruka. Pichi za Michigan ni wiki chache tu kwa mwaka, ukiilazimisha reli ndogo inunue mamia ya mabehewa kwa ajili ya wiki hizo, miezi mingine yote yamelala tu. Mwenye mabehewa mengi anayahamisha kufuata mavuno, leo machungwa ya California kesho stroberi za kwingine, na reli inamlipa kwa maili.

Ila Armour hapo simtetei hata kidogo. Kufikia 1900 alikuwa na mabehewa kama 12,000, akaingia mikataba na reli kama Pere Marquette huko Michigan kwamba matunda yabebwe na mabehewa yake peke yake, na gharama za barafu zikapanda. Mkulima pichi zake zishachumwa, haziwezi kusubiri hata siku mbili, na hana pa kwenda kwingine, atafanyaje kama si kulipa? Na barafu haikuwekwa mara moja ikaisha, njiani kulikuwa na vituo vyenye majukwaa marefu ya mbao usawa wa paa la treni, vibarua wanasukuma mabonge, wanafungua vifuniko vya juu, wanajaza upya, yote hayo kwa bei anayopanga mwenye behewa.

Kwa hiyo kwangu kosa ni ule mkataba wa peke yake na bei ya barafu isiyo na msimamizi, umiliki hauna kosa. Ndo maana Sheria ya Hepburn ya 1906 haikumnyang'anya mtu behewa, ilifanya barafu ihesabike ni sehemu ya usafirishaji, na bei zitangazwe na zisimamiwe na tume ya serikali.

Wanaotaka reli imiliki watanitajia Pacific Fruit Express, kampuni ya mabehewa ya barafu ya reli mbili, Union Pacific na Southern Pacific, iliyoanza kazi 1907 na mabehewa 6,600. Sawa, lakini hizo zilikuwa reli kubwa mno, tena hata zenyewe zilibidi ziunde kampuni ya pamoja. Reli ndogo ya Michigan ingetoa wapi huo uwezo? Wa upande wa pili nijibuni hapo kwanza.