Je, sigara nilizovuta nikiwa mjamzito ndizo zilizomfanya mwanangu akose utulivu?

Mama wa Wawili, Tanga

Assalaam alaykum, na habari za wakati huu kwa nyote.

Naomba kuuliza jambo ambalo limeninyima usingizi kwa majuma matatu sasa. Mwanangu wa kwanza ni mvulana, ana miaka minane na yuko darasa la pili. Mwalimu wake ameniita mara mbili muhula huu kunieleza kwamba mtoto hakai kitini, hujibu swali kabla halijamalizika kuulizwa, huacha kazi katikati akaanza nyingine, na madaftari yake hupotea kila wiki. Nyumbani nayaona hayo hayo, kwani nikimtuma dukani alete chumvi na kiberiti hurudi na kimoja, au harudi kabisa mpaka nimfuate. Daktari wa kituo cha afya alimwona, akasema huenda ni lile tatizo la kukosa umakini na kuhangaika kupita kiasi ambalo hujulikana kwa herufi ADHD, kisha akatuandikia barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa.

Kilichoniumiza ni kilichofuata. Daktari aliniuliza kama niliwahi kuvuta sigara nikiwa na mimba yake, nami sikuficha. Nilianza kuvuta nikiwa chuoni, na katika mimba ile nilivuta sigara tano hadi sita kwa siku mpaka mwezi wa tano nilipofanikiwa kuacha. Mama mkwe wangu alikuwapo, na tangu siku ile amewaeleza ndugu wote kwamba nimemharibu mjukuu wake kwa moshi. Binti yangu wa pili, ambaye sikuvuta hata sigara moja nilipokuwa na mimba yake, ametulia kama maji ya mtungini, na familia nzima inauchukua utulivu wake kuwa ushahidi dhidi yangu. Mume wangu anasema kwamba hata yeye utotoni alikuwa akichapwa kila siku kwa kutotulia darasani, lakini maneno hayo hayana anayeyasikiliza.

Nataka kujua kama ni kweli kwamba sigara zangu ndizo chanzo. Pia nina mimba nyingine ya miezi mitatu. Mimi sivuti tena, lakini mume wangu huvuta ndani ya nyumba, wakati mwingine chumbani. Je, moshi wake unaweza kumfikia mtoto aliye tumboni? Naomba nijibiwe kwa ukweli, hata kama ni mchungu.

Mkunga Mstaafu, Morogoro

Mwanangu, pole sana. Nimefanya kazi katika wodi ya wazazi kwa zaidi ya miaka thelathini, na naomba nianze na yale ambayo hayana ubishi, kwa sababu watu wengi huyachanganya na yale ambayo bado yanabishaniwa.

Mama anapovuta sigara, nikotini hupita katika kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na hewa ya kaboni monoksaidi hushikamana na chembe nyekundu za damu mahali ambapo oksijeni ingekaa, hivyo mtoto hupata oksijeni pungufu. Kwa wastani, mtoto wa mama anayevuta huzaliwa na uzito uliopungua kwa takriban gramu 200. Tangu mwaka 1957, uchunguzi uliofanywa katika hospitali za wilaya ya San Bernardino, California, ulionyesha kwamba wanawake wanaovuta huzaa watoto njiti mara nyingi zaidi kuliko wasiovuta, na tafiti zilizofuata zimeongeza hatari za kondo kuachia kabla ya wakati, mtoto kufia tumboni, na kifo cha ghafla cha mtoto mchanga akiwa usingizini. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba sigara katika mimba ni jambo dogo.

Hata hivyo ulipoacha, uliacha kweli, na kuacha kuna faida wakati wowote wa mimba. Mwaka 2009 watafiti wa New Zealand na Australia walionyesha kwamba wanawake walioacha kabla ya wiki ya 15 walikuwa na kiwango cha kuzaa njiti kilicho sawa na cha wale ambao hawakuvuta kabisa. Wewe ulichelewa kidogo kuliko hao, lakini uliacha kabla ya miezi mitatu ya mwisho, ambayo ndiyo mtoto huongezeka uzito kwa kasi. Ningependa kujua mwanao alizaliwa na kilo ngapi na kama alitimiza miezi yake, kwa kuwa kuzaliwa njiti au na uzito mdogo sana kwenyewe huongeza uwezekano wa mtoto kupata tatizo la umakini.

Niongeze neno kwa wasomaji wengine. Kliniki nimewasikia akina mama wengi wakiapa kwamba hawavuti, na ni kweli hawavuti sigara, lakini wananusa ugoro, au wanaweka tumbaku katika tambuu, au wanavuta shisha siku za harusi. Nikotini ni ile ile. Nchini Uswidi, ambako wanawake wengi hutumia ugoro wa kuweka mdomoni usiotoa moshi wowote, imeonekana kwamba ugoro huo katika mimba huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa mfu. Sisi wakunga tunapaswa kuuliza kuhusu tumbaku ya kila namna, tusiishie kwenye sigara.

Mtakwimu wa Afya, Dodoma

Dada, mkunga wetu ameeleza vizuri madhara ya mwilini, nami nitajaribu kulijibu swali lako la kwanza, ambalo ndilo gumu zaidi.

Ni kweli kwamba uhusiano kati ya sigara za mama na ADHD ya mtoto umeonekana mara nyingi. Mwaka 1996 watafiti wa Boston waliwalinganisha wavulana wenye tatizo hilo na wasio nalo, wakakuta kwamba asilimia 22 ya wale wa kwanza mama zao walivuta wakati wa mimba, ilhali kwa wale wa pili ilikuwa asilimia 8. Mwaka 2018 matokeo ya tafiti 20 zenye watu karibu milioni tatu yaliunganishwa, na uwezekano ukaonekana kuwa mkubwa kwa mara 1.6 kwa watoto wa waliovuta. Tuiweke namba hiyo mahali pake. Ikiwa watoto 5 katika kila 100 wana tatizo hili, basi miongoni mwa watoto wa waliovuta tungetarajia takriban 8 katika 100. Maana yake ni kwamba watoto 92 waliobaki hawana tatizo ingawa mama zao walivuta, na kwamba hata miongoni mwa wale 8, watano wangekuwa nalo bila ya sigara yoyote. Hakuna kipimo kinachoweza kumwambia mzazi mmoja mmoja mwanawe yumo katika kundi lipi.

Sasa liko swali kubwa zaidi, nalo ni kama sigara ndiyo inayoleta hao watatu wa ziada, au ni kitu kingine kinachofuatana nayo. ADHD hurithiwa kwa kiwango kikubwa sana. Tafiti za mapacha huweka mchango wa vinasaba kwenye zaidi ya asilimia 70. Watu wazima wenye hali hiyo nao huanza kuvuta kwa urahisi zaidi, na huona ugumu zaidi kuacha. Hivyo mama anaweza kumrithisha mtoto hali yenyewe, na wakati huo huo akawa mvutaji, kisha sigara ikaonekana kuwa chanzo ilhali ni dalili ya kile kile alichorithi mtoto.

Waswidi walipata njia nzuri ya kulipima jambo hili. Katika nchi ile wajawazito huulizwa kuhusu sigara wanapofika kliniki mara ya kwanza, majibu huhifadhiwa, na yanaweza kuunganishwa na kumbukumbu za matibabu za mtoto kwa miaka mingi baadaye. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, watoto zaidi ya 810,000 waliozaliwa kati ya 1992 na 2000 walifuatiliwa. Walipolinganishwa kwa jumla, wale ambao mama zao walivuta sigara 10 au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya mara 2.5. Lakini walipolinganishwa ndugu wa tumbo moja, ambapo mama alivuta katika mimba moja na hakuvuta katika nyingine, tofauti ile ilitoweka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff nao, mwaka 2009, waliwachunguza watoto waliopatikana kwa mimba za kupandikiza, ambao baadhi yao hawakuwa na vinasaba vya mama aliyewabeba. Sigara ilipunguza uzito wa kuzaliwa kwa watoto wa aina zote mbili, lakini uhusiano wake na ADHD ulikuwa na nguvu zaidi pale mama na mtoto walipokuwa damu moja.

Familia yako imefanya ulinganisho ule ule wa Waswidi, ila kwa watoto wawili tu, tena mvulana na msichana, na wavulana hugunduliwa kuwa na tatizo hili mara nyingi zaidi. Haiwezekani kuhukumu kwa namna hiyo. Wamemsahau pia shahidi aliye mbele yao, yaani mumeo, ambaye anakiri kwamba alikuwa hivyo hivyo. Ningekuwa daktari, habari hiyo ya baba ningeipa uzito mkubwa kuliko zile sigara tano.

Tabibu wa Watoto, Mombasa

Namshukuru ndugu Mtakwimu kwa maelezo yake, lakini naomba tusiifunge kesi upesi hivyo, kwa sababu wajawazito wengine watasoma hapa na wanaweza kudhani kwamba sigara haina lolote kwa ubongo wa mtoto.

Mama wengi huulizwa kama wanavuta wakajibu hapana kwa aibu, na majibu ya namna hiyo huharibu ulinganisho, hasa ule wa ndugu kwa ndugu. Wafini waliepuka tatizo hilo kwa kupima damu yenyewe. Nchini Ufini sampuli za damu za wajawazito zilianza kuhifadhiwa miaka ya 1980, na watafiti walipima ndani yake kotinini, ambayo ni mabaki ya nikotini mwilini. Katika utafiti wao wa mwaka 2019, uliohusu watoto waliozaliwa mwaka 1998 na 1999, watoto wa akina mama waliokuwa na kotinini nyingi zaidi walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kugunduliwa na ADHD, na kadiri kotinini ilivyozidi ndivyo uwezekano ulivyopanda. Majaribio ya panya nayo yameonyesha kwamba nikotini hugusa vipokezi, yaani sehemu zinazopokea ishara, vya ubongo unaokua. Nakubali kwamba kipimo cha damu hakiwezi kutenganisha sigara na urithi, na kwa sababu hiyo siwezi kusema kwamba imethibitika. Nasema tu kwamba mlango haujafungwa.

Kuhusu swali lako la pili, dada yangu, jibu ni ndiyo. Moshi wa mume unaovutwa na mke huacha kotinini katika damu ya mke, na kufungua dirisha au kuwasha feni hakuuondoi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, linataka kila mjamzito aulizwe kuhusu moshi wa wengine nyumbani, na waume wao washauriwe pia. Mumeo asivute kabisa ndani ya nyumba, na akiweza kuacha, aache. Hapo pana faida ya uhakika kwa mapafu ya watoto wote watatu, hata kama habari ya ADHD isingekuwapo.

Mtakwimu wa Afya, Dodoma

Daktari, nakubaliana nawe, na nilipaswa kuandika wazi zaidi kwamba ulinganisho wa ndugu una udhaifu wake, kwa kuwa mama anayeacha katika mimba ya pili huwa amebadilisha mambo mengine mengi maishani. Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya uhusiano inaelezwa na urithi, na sehemu iliyobaki, kama ipo, ni ndogo.

Baba Rayyan, Nairobi

Dada, mimi si mtaalamu, ila kijana wangu ana hali hii na sasa yuko darasa la saba. Yule daktari mkuu aliyemwona hakumwandikia dawa siku ya kwanza. Alitaka kujua kama dalili zimedumu miezi sita au zaidi, kama zilianza kabla ya miaka kumi na miwili, na kama zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, kwa hiyo alihitaji barua ya mwalimu. Alimpima masikio na macho, akauliza habari za usingizi wake, kwani mtoto asiyesikia vizuri au asiyelala vya kutosha naye huonekana hana umakini. Mwombe mwalimu aandike anachokiona, na amkalishe kiti cha mbele mbali na dirisha.

Kuhusu chumvi na kiberiti, sisi tulifundishwa kumpa agizo moja kwa wakati mmoja, akiwa anakutazama, kisha alirudie kwa mdomo wake kabla hajaondoka. Akifanikisha, msifu hapo hapo. Viboko tulivijaribu mwaka mzima, na ninajuta kwa kila kimoja.

Mama wa Wawili, Tanga

Mama mkunga, shikamoo, na nyote nawashukuru. Alizaliwa akiwa ametimiza miezi tisa, na uzito wake ulikuwa kilo 2.6. Nimeyasoma majibu haya pamoja na mume wangu jana usiku, na leo asubuhi ametoa kisahani chake cha majivu chumbani akakipeleka nje ya ua. Ameniahidi kwamba ataanza kupunguza. Nitamwuliza daktari kama kuna msaada wa kuacha. Mama mkwe bado hajasema neno, lakini alikaa akasikiliza mwanawe aliposimulia habari za utoto wake, na mwisho akakubali kwamba alikuwa akiitwa shuleni kwa ajili yake kila mwezi. Jumatatu tunakwenda hospitali ya mkoa sote watatu, na barua ya mwalimu tunayo.